Sanduku Namba Tatu

Watu wa siku hizi wakipita hapa Kuze hunionyesha kwa kidole na kusema, yule ni fundi Zein, fundi mwaminifu, milango yake haijapata kulegea. Hebu niondokeeni! Mlango ni mlango. Ukiuharibu, mwenye nyumba atakuja akutukane, utautengeneza upya, na mambo yamekwisha. Mimi nataka kusema habari za sanduku nililolitengeneza mwaka wa arobaini na nne, wakati wa vita. Kwa sanduku lile alikuja mtu mmoja tu, na yeye hakunitukana. Laiti angenitukana.

Nasema sanduku la maiti. Sisi Waislamu hatuzikwi ndani ya sanduku. Kwetu maiti huoshwa, akavikwa sanda, akalazwa juu ya jeneza la msikiti, akachukuliwa mabegani mwa watu mpaka makaburini. Akishazikwa, jeneza hurudi msikitini likamngoja mwengine. Halinunuliwi wala haliuzwi. Jeneza la msikiti wetu lilimbeba babu yangu, likambeba baba yangu, na mimi mwenyewe nililitia miguu mipya mara mbili bila kuchukua hata senti moja. Kwa hivyo niliposikia mara ya kwanza kwamba sanduku la maiti lina bei, na bei zenyewe si moja, nilicheka.

Aliyenifundisha bei ni Taib. Alikuwa na duka la mbao, na karakana niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa yake. Mtu wa swala tano, sauti ya chini, hujapata kumsikia akimtukana mtu. Wakati ule mbao zilikuwa za serikali, huwezi kununua hata ubao wa rafu bila karatasi ya kibali, na Taib alikuwa na karatasi. Alipata kazi ya kutoa masanduku kwa Wakristo wa mji, basi akaandika bei kwenye kibao, akakitundika dukani.

Namba moja: mvule mtupu, vishikio vya shaba, kitambaa cheupe ndani, shilingi mia na themanini. Hilo lilikwenda Kizingo kwa Wazungu. Namba mbili: mbao laini zilizopigwa vanishi, vishikio vya chuma, shilingi sabini na tano. Hilo la makarani. Namba tatu: mbao za makasha ya bandarini zilizopakwa rangi nyeusi, kamba badala ya vishikio, shilingi thelathini. Hilo la makuli, mayaya na wapishi. Kulikuwa na la nne ambalo halikuandikwa, lililotiwa bati ndani na kuzibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, kwa mwenye kutaka kumsafirisha maiti wake kwa gari la moshi. Ukimuuliza Taib bei ya hilo, alikutazama viatu kwanza, ndipo akajibu.

Thelathini zilikuwa pesa, usidhani mchezo. Kuli alifanya kazi wiki tatu kuzipata. Lakini walilipa. Walikopa, walichangiana, waliuza mbuzi, wakaja na noti zimekunjwa ndani ya leso, kwa sababu maiti asiyelipiwa alizikwa na manispaa ndani ya blanketi.

Kisha ndui ikaingia mjini. Ilianza kwa mmoja mmoja, halafu ikawa kila mtaa una nyumba yake. Wagonjwa walichukuliwa kambini, wakatengwa, na jamaa zao wakakatazwa kwenda. Waliofia kule walifunguliwa uwanja mpya wa kuzikia, upande wa Kibarani, karibu na mikoko. Jamaa waliruhusiwa kuja, lakini walifungiwa kamba hatua mia kutoka makaburini, na askari akasimama hapo na rungu. Mtu alimwona maiti wake kwa mbali, sanduku jeusi juu ya mkokoteni, likishushwa na watu waliojifunga vitambaa puani. Basi. Askari akawaambia nendeni, wakaenda.

Aliyeuvuta mkokoteni ule ni Kingi. Alikuwa ameugua ndui utotoni, uso wake wote mashimo, hivyo haikumtisha tena. Taib alimlipa kwa kila maiti.

Siku moja Taib alikuja karakanani, akaketi juu ya benchi langu, akapangusa maranda kwa mkono.

"Zein," akasema, "mbao zimekwisha. Nina karatasi ya masanduku kumi, na kambini wanakufa watano kwa siku. Nifanyie moja tu. Namba tatu, lakini kitako chake kifunguke."

"Kifunguke vipi?"

"Kama milango miwili. Sanduku lishuke kaburini, Kingi avute kamba, kitako kifunguke, maiti abaki, sanduku lipande."

Nikamuuliza, "Na wenyewe waliolipa thelathini?"

"Wamelipa maiti wao azikwe kwa heshima. Ataondoka kambini kwa sanduku, atafika kwa sanduku, watu watamwona kwa sanduku."

"Lakini watajua?"

"Kutoka hatua mia?" Akacheka kidogo. "Wewe nawe, yakhe, wanishangaza. Jeneza alilochukuliwa babako liko wapi? Si lipo msikitini mpaka leo? Babako alivunjiwa heshima?"

Hapo ndipo aliponiweza. Fundi wa kwao, Mkristo, angekataa palepale, angetupa randa chini akaondoka. Mimi jeneza linalorudi nilikuwa nimelizoea tangu nazaliwa, na nilipolipima jambo lile nililiona halina kasoro. Maiti haendi na mbao, huenda na amali zake. Nikajiambia, hawa nao wanajitia gharama bure. Nikasema haya.

Nikalitengeneza. Na nisifiche, nilifurahia kazi ile. Kitako nilikigawa mapande mawili, kila pande bawaba mbili, na katikati nikatia komeo la kuvutwa kwa kamba inayopita tundu la ubavuni. Nililijaribu kwa gunia la mchanga. Nilivuta, komeo likaachia bila hata kulia, gunia likatua. Kingi alipiga makofi. Akaliita tikiti ya kwenda na kurudi, na jina hilo likashika. Kila safari nilipewa shilingi tatu, kwa kuliosha kwa dawa na kulipaka rangi likichubuka. Mchele siku zile ulikuwa wa foleni, na Sheikha, mke wangu, alikuwa na mimba ya sita. Shilingi tatu sikuzitupa.

Kwa mwezi mmoja lilikwenda na kurudi mara arobaini na kitu. Nilikuwa nishaacha kulifikiria. Likija nalimwagia dawa, naligeuzia jua likauke, naendelea na kazi zangu.

Kisha akaja Mejumaa.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Namwona mwanamke amesimama mlangoni, mtu mzima, mrefu, mkavu, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alikuwa Mrabai, mtu wa kanisa, akiuza mihogo ya kuchemsha Makupa. Mwanawe Ngala, kuli wa bandarini, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikufa kambini alfajiri ya siku ile, na mazishi yalikuwa kesho yake adhuhuri. Alikuwa ametoka kwa Taib, amelipa thelathini zake. Akamwambia Taib anataka kuliona sanduku, na Taib, kwa kuzoea kutoulizwa, akamwambia liko karakanani.

"Hodi fundi. Nimekuja kuangalia sanduku la mwanangu."

Lilikuwa pale juu ya vigoda, limekauka, linang'aa. Nikasema, "Ndilo hilo, mama. Pole sana."

Wengine wakiliona sanduku hulia. Yeye hakulia. Alilizunguka. Aligonga kila ubao kwa ngumi, akaingiza ukucha kwenye maungio, akainusa rangi, akaujaribu mfuniko kwa magoti. Mimi nina hasira za karibu, tena kwa kazi yangu sipendi kupekuliwa, nikamwambia, "Mama, kwani wewe ni fundi?"

"Sina ufundi, mwanangu. Nataka kujua kama jino litapenya."

"Jino la nani?"

Akaketi chini, juu ya maranda. Akaniambia. Mwaka uliopita, mwaka wa njaa, alifiwa na binti yake, Tumu, kule kwao. Hapakuwa na sanduku, hapakuwa na mwanamume mwenye nguvu ya kuchimba. Walimfunga katika mkeka wakamtia katika shimo la kufika magotini. Usiku wa pili fisi walikuja.

"Asubuhi nilikwenda na maji ya kumwagia pale kaburini," akasema. "Nikakuta mkeka. Mkeka tu, umetandazwa, kama mtu alikuwa amekaa juu yake akaondoka."

Nikasema lahaula.

"Siku alipochukuliwa mwanangu kambini nilipita Kibarani. Nimetazama. Fisi hakuna, lakini mbwa wapo, wengi, wamelala pale pale kwenye udongo mpya. Kwa hivyo nimeuza shamba la minazi la baba yake. Mdogo wake marehemu mume wangu kanitukana, kaniambia minazi ni chakula cha walio hai. Nikamwambia ale mwenyewe matusi yake. Mwanangu huyu hawatampata. Niambie wewe uliyelitengeneza. Jino litapenya?"

Na mimi, aliyenituma nani sijui, nikamwambia, "Wallahi, mama, sanduku hili halina upenyo. Nimelifunga kwa mkono wangu."

Akanishika mkono wangu huo, akaubusu. Kisha akainama kutaka kutazama kitako.

Bawaba nne zilikuwa pale chini, na komeo, na kamba imekunjwa. Nikamfokea. Nikamfokea mama wa watu, aliyefiwa siku ile ile! "Mama, nina kazi! Nimekwisha kuapa, wataka nini tena? Hebu inuka utoke kwenye maranda yangu!"

Akainuka haraka, akaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Kisha akaniomba jambo moja. Alitaka jina la mwanawe lichongwe juu ya mfuniko. Mimi naandika kwa herufi zetu za Kiarabu, hizo za kanisani sikuzijua. Akaokota kipande cha makaa, akaandika mwenyewe juu ya ubao mweusi, huku akitamka kila herufi, na makaa hayakuonekana vizuri juu ya weusi, ikabidi atie chokaa. NGALA. Nikachukua patasi nikafuata alama zake. Alikaa pale mpaka nikamaliza. Alipofungua leso kunilipa, nikakataa. Sikuchukua pesa ya kuchonga, na alipoondoka nilijiona mtu mwema sana. Nilijiona hivyo kwa muda wa saa moja hivi.

Baada ya adhuhuri nilikwenda dukani kwa Taib. Nikamwambia, "Hili la kesho tulizike."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilimwona kweli ameingiwa na huruma, macho yalimlegea. Akasema, "Masikini." Kisha akasema, "Ukilizika hilo, wanaofuata watakwenda na nini? Watu watatu wamekwisha kunilipa. Na wao hawana mama?"

"Nitafutie mbao, nifanye jingine."

"Mbao za kutoka wapi? Nikunje karatasi ya serikali iwe mbao?" Hapo sauti yake haikupanda hata kidogo. "Zein, karakana hii ina watu watatu wanaoitaka. Mimi sikufukuzi. Nakuambia tu."

Nikarudi. Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kwenda Makupa kwa mguu nikamwambia yule mama, chukua thelathini zako, mwanao hazikwi na sanduku. Sikwenda. Badala yake nilimngoja Kingi, alipokuja asubuhi kulichukua sanduku nikamvuta kando.

"Mfuniko huu usiurudishe. Maiti akishatua, uweke juu yake. Nitatengeneza mwengine."

"Taib amesema?"

"Nimesema mimi."

Kingi akatazama jina lililochongwa, asilijue, kwa maana hakusoma hata alifu. "Haya, fundi," akasema. Nikaona nusu ya dhambi imenitoka.

Sikwenda Kibarani. Sina kibali, nilijiambia, nina kazi, nilijiambia. Nilipiga randa siku nzima mlango wa mtu ambao haukuwa na haraka.

Kabla ya alasiri mkokoteni ukarudi. Sanduku lilikuwa juu yake, na mfuniko umekaa mahali pake.

"Kingi! Nilikwambia nini?"

"Usinipigie kelele mimi. Taib alikuja mwenyewe makaburini. Akaniuliza, mfuniko nao si mbao?" Akashusha sanduku, akajipangusa jasho. "Akasema ulipige randa jina. Wa Jumamosi ni mwanamke."

"Na yule mama?"

"Yule mrefu? Alisimama kambani mpaka mwisho. Wenzake walikwenda, yeye akasimama, tukashindwa kulipandisha. Ikabidi tutundike turubai, tukatia maneno kwamba ni dawa inanyunyizwa. Alipoondoka alimshukuru askari."

Nikauchukua mfuniko nikauegemeza ukutani, jina likiwa nje. Nikauweka juu ya benchi. Nikatia randa, nikaiondoa. Nikasema kesho. Ijumaa sikufanya kazi, wala sanduku halikutoka. Jumamosi asubuhi nikaja mapema, nikanoa chuma cha randa, nikauweka mfuniko tena juu ya benchi na kuubana kwa vibano. Nilikuwa nimeinama juu yake, randa imegusa ile herufi ya kwanza, niliposikia hodi.

Mejumaa alikuwa amebeba kikapu kichwani na kuku mkononi, kafungwa miguu. Alikuwa anacheka, wallahi. Si kicheko cha furaha, ni kile cha mtu aliyetua mzigo.

"Fundi, nimekuja kushukuru. Nimelala usiku wa jana, mara ya kwanza tangu..."

Akauona.

Kuku alimponyoka, akaanguka chini akapiga mbawa. Hakumwokota. Alikuja taratibu mpaka kwenye benchi, akaweka kidole juu ya herufi, moja baada ya moja, mpaka mwisho. Halafu akatazama nyuma ya benchi, uani, akaliona sanduku limesimamishwa kwa ubavu kwenye jua, kitako wazi, yale mapande mawili yananing'inia kwa bawaba zake.

Nilianza kusema mwenyewe, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nikamwambia lote. Kwamba sanduku hurudi. Kwamba si lake peke yake, limekwenda mara arobaini na zaidi, na wote walilipa, na hakuna aliyejua. Nikamwambia mbao hakuna. Nikamwambia Taib, nikamwambia karakana, nikamwambia mimba ya mke wangu. Nikamwambia nilitaka mfuniko ubaki naye. Kisha nikasema lile nililokuwa nimejiambia mwezi mzima.

"Mama, hata sisi jeneza letu hurudi. Babangu alizikwa hivyo. Si aibu. Maiti hahitaji mbao."

Alikuwa amenitazama muda wote huo bila kupepesa macho.

"Hurudi," akasema.

"Hurudi, mama."

"Na maiti wenu? Likifika pale kaburini, nani anamtoa?"

"Watu hushuka. Wawili, watatu, jamaa zake. Husimama ndani ya kaburi wakampokea."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Hata wa ndui?"

Mjomba wangu Athmani alikufa kwa ndui mwezi ule ule, hapa hapa Kuze, kabla ya kuchukuliwa kambini. Watu wa msikiti waliochanjwa walimpeleka, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwamo kaburini. Nilimshika mabega. Nilikuwa na kitambaa puani na machozi yananitoka kwa harufu ya dawa, na nilimlaza kwa ubavu wa kulia, nikamwelekeza kibla, nikampa udongo chini ya shavu. Ilikuwa siku kumi na moja tu zilizopita. Na mimi siku zote hizo nasema jeneza hurudi, jeneza hurudi! Jeneza! Nani aliyekuwa akiuliza habari ya jeneza? Mapande yangu mawili ya kitako yalikuwa yakifanya kazi ya watu watatu, na sikuona, mimi fundi ninayejisifu kwamba naona unywele ukipita baina ya mbao.

"Hata wa ndui," nikamjibu.

Akasogea karibu. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, kama aogopaye jibu.

"Basi mwanangu mimi, nani alishuka kumpokea?"

Nataka ujue kwamba nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nimekwisha kusema ukweli mwingi, umebaki huu mmoja. Ningesema, mama, hakushuka mtu, Kingi alivuta kamba. Nilifungua kinywa niseme hivyo. Nikauona uso wake.

"Mimi," nikasema. "Nilishuka mimi."

"Wewe?"

"Nilikuwa nyuma ya turubai. Hukuniona."

"Ulimshika wapi?"

"Mabega. Nilimshika mabega, Kingi akamshika miguu. Hakuanguka, mama. Tulimlaza pole pole. Chali, mikono kifuani, kama mnavyolazana nyinyi."

"Macho yalikuwa yamefungwa?"

"Yamefungwa."

"Na mbwa?"

"Nilipanga mawe juu yake. Mawe ya pwani, mazito, nilipanga mawili mawili mpaka juu. Hata fisi hatoboi."

Yalikuwa yakija yenyewe, uongo mmoja unamvuta mwenziwe, na kila nililosema alilitikia kwa kichwa, anameza, anangoja jingine. Nilimwambia udongo ulikuwa mkavu. Nilimwambia nilimtajia Mungu kwa lugha anayoijua. Wallahi, ningalimwambia lolote.

Alichukua mikono yangu yote miwili. Ilikuwa na maranda na gundi. Akaitia usoni mwake, viganja kwenye mashavu, akakaa hivyo, na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza kumwona akilia. Nilihisi machozi yakipita baina ya vidole vyangu. Mikono hiyo haikuwa imemgusa mwanawe hata kwa ncha ya kucha.

"Basi hakuwa peke yake," akasema.

"Hakuwa peke yake, mama."

Alipojipangusa aliniuliza kama anaweza kuuchukua mfuniko. Nikafungua vibano. Nikamtwika mwenyewe kichwani. Kikapu cha mihogo akakiacha juu ya benchi, na kuku akanishikisha mkononi, nikakataa, akashikilia, nikapokea. Mlangoni akageuka kwa shida, kwa sababu ya ule mfuniko.

"Fundi, sina mtoto tena. Ndui bado ipo mjini. Nikifa mimi, utashuka unipokee na mimi?"

"Insha'Allah," nikasema, kama tunavyosema pwani nzima tukialikwa mahali ambapo hatutakwenda.

Akasema ahsante, akaenda zake kuelekea Makupa. Sikumwona tena wala sikuulizia.

Jua lilipopinduka Kingi akaja na mkokoteni kumchukulia yule marehemu mwanamke sanduku. Nikafunga kitako, nikalijaribu komeo, likashika vizuri. Akauliza mfuniko uko wapi. Nikamwambia angoje kidogo, nikakata mbao mbili za kasha, nikampigilia mwengine.